Kunyatia Kulungu Uingereza: Mwongozo Kamili kwa Asiyewahi Kushika Bunduki

Ujumbe huu naupata mara kwa mara, kinachobadilika ni jina la mji tu: Leicester, Glasgow, Norwich. "Kaka, nimenunua kabati la bunduki, koti na buti. Nimeomba cheti cha silaha, polisi wamekataa. Nimekosea wapi?" Ukimhoji dakika mbili unagundua hana hata shamba moja aliloruhusiwa kuwinda, hajawahi kumtazama kulungu kwa darubini, na hajui atamtofautishaje dume na jike mwezi wa Januari. Ameanza na bunduki, na anayeanza na bunduki hukwama palepale.

Mwongozo huu basi unakwenda kinyume na hamu yako. Macho kwanza, kisha mafunzo, kisha bunduki ya kuazima, kisha ardhi. Bunduki yako mwenyewe inakuja baadaye kabisa. Sheria ninazotaja ni za England na Wales. Uskoti ina zake, nitazigusa panapolazimu.

Neno moja kuhusu jina. Kulungu wa nyumbani, yule ambaye wengine humwita mbawala, pembe zake hazianguki. Hawa wa huku, ukimwacha kulungu-maji wa Kichina ambaye hana pembe kabisa, dume hudondosha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Utaona katika Hatua ya 1 kwa nini jambo hilo linaweza kukupeleka mahakamani.

## Vitu vya kuwa navyo

- Darubini ya 8x42. Hapa ndipo pa kutumia pesa. Utaitumia saa nne kwa kila dakika moja ya bunduki.
- Buti zisizopitisha maji, na nguo zisizolia ukijisugua kwenye kichaka. Koti la nailoni linalochakarika liache nyumbani.
- Fimbo za kuegemezea bunduki, mbili au nne zilizofungwa pamoja. Unaweza kujitengenezea kwa fito za bustani na kipande cha mpira.
- Kisu kifupi kisichokunjwa, chenye ubapa wa sentimita 10 hivi. Kirefu zaidi kitatoboa utumbo.
- Glavu za mpira, kamba, mifuko safi, tochi.
- Kichupa cha poda ya mtoto kwa ajili ya kupima upepo.
- Kifaa cha kung'olea kupe.
- Simu yenye chaji na ramani ya mipaka ya shamba.

Usinunue bado: bunduki, lenzi yake, kabati, wala nguo za madoadoa kama za jeshi. Kulungu anaona mwendo kuliko anavyoona rangi.

## Hatua ya 1: Mjue mnyama kabla hujafikiria kumpiga

Nchi hii ina aina sita za kulungu wa porini: kulungu mwekundu, roe, fallow, sika, muntjaki na kulungu-maji wa Kichina. Sheria haisemi "kulungu" kwa jumla. Inataja aina na jinsia, na kila mmoja ana msimu wake:

- Roe dume: 1 Aprili hadi 31 Oktoba. Roe jike: 1 Novemba hadi 31 Machi.
- Kulungu mwekundu, fallow na sika, madume: 1 Agosti hadi 30 Aprili. Majike yao: 1 Novemba hadi 31 Machi.
- Kulungu-maji wa Kichina, dume na jike: 1 Novemba hadi 31 Machi.
- Muntjaki: hana msimu wa kufungwa, kwa sababu huzaa mwezi wowote. Hapo ndipo dhamira inapoingia. Wawindaji waangalifu humchagua jike ambaye mimba yake inaonekana wazi, au ambaye bado hajakomaa, ili wasiache mtoto anayenyonya afe kwa njaa kichakani.

Sasa ile habari ya pembe. Roe dume hudondosha pembe zake kuanzia vuli. Ukimkuta Desemba hana kitu kichwani, mgeni atasema ni jike, na msimu wa majike uko wazi, basi ampige. Amevunja sheria. Usitazame kichwa, tazama nyuma. Roe jike wa majira ya baridi ana kishungi cha manyoya kinachoning'inia chini ya lile doa jeupe la matakoni, utadhani mkia mdogo. Dume hana, yeye ana kifungu cha manyoya chini ya tumbo.

Muntjaki utamjua kwa mgongo uliopinda na mkia mweupe anaousimamisha akikimbia. Fallow ana mkia mrefu usiotulia.

Fanya hivi: kwa miezi miwili nenda kwenye njia za umma za misitu, asubuhi na jioni, na darubini tu. Msitu wa Thetford huko Norfolk na Suffolk una roe, muntjaki na kulungu wekundu, na huhitaji ruhusa kutembea kwenye njia zake.

Umefaulu ukiweza kutaja aina na jinsia ya wanyama kumi mfululizo bila kubahatisha. Wa kumi na moja ukisema "sina uhakika", umefaulu zaidi.

## Hatua ya 2: Fanya DSC1

Hiki ni cheti cha kwanza cha kunyatia kulungu. Sheria haikulazimishi kuwa nacho, lakini mwenye shamba akikiona anakusikiliza, na polisi nao wanaelewa kwamba si mtu wa mchezo. Unapimwa sheria na elimu ya wanyama, kuwatambua kwa picha, usalama, usafi wa nyama, na shabaha.

Mtihani wa shabaha ndio unaoangusha wengi. Kwanza risasi tatu kutoka mita 100, zote ndani ya duara la inchi 4. Halafu kwenye picha ya kulungu: mbili kutoka mita 100, mbili kutoka mita 70 ukiwa umekaa au umepiga goti, mbili kutoka mita 40 ukiwa umesimama. Fimbo zinaruhusiwa. Waandaaji wengi wa kozi wana bunduki za kuazima uwanjani, hivyo huhitaji yako.

Kinachowaponza watu ni kuvuta kifyatulio kwa kushtuka. Kibonyeze polepole mpaka mlio ukushtue wewe mwenyewe.

## Hatua ya 3: Toka na mlezi, kwa bunduki yake

Mlezi ni mwindaji mzoefu mwenye cheti anayekufundisha porini. Wengi hawalijui hili, na laiti wangelijua wasingehangaika. Mtu wa miaka 17 na zaidi anaweza kuazima bunduki na kuwinda kwenye ardhi ya watu binafsi bila kuwa na cheti chake, mradi mwenye cheti aliyeruhusiwa yupo naye pale pale na masharti ya cheti hicho yanafuatwa. Hivyo ndivyo wageni wanaokuja likizo kuwinda na kiongozi wa kulipwa wanavyofanya.

Onyo: aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha miezi mitatu au zaidi anaweza kuwa amepigwa marufuku kushika silaha, hata ya kuazima. Uliza kabla hujaigusa.

Mwambie mlezi wako waziwazi, "Mara ya kwanza sitaki kupiga." Wazee wa kazi hii hupenda kusikia hivyo. Mwangalie anavyosimama, anavyofungua geti, anavyotoa risasi kwenye chemba kabla ya kuruka uzio. Mimi nilitoka mara nne kabla ya kufyatua, na mara mbili kati ya hizo tulirudi mikono mitupu kwa sababu nilikohoa.

Umefaulu mlezi akiacha kukuelekeza kwa kidole na kuanza kukuuliza, "Wewe ungepitia wapi?"

## Hatua ya 4: Tafuta ardhi

Kulungu wa porini hana mwenyewe, lakini ardhi anayosimama ina mwenyewe. Bila ruhusa wewe ni jangili. Hakuna maelezo mengine. Na msidanganyike na ule uhuru wa kutembea popote Uskoti: sheria ya mwaka 2003 inakuruhusu kutembea, haikuruhusu kuwinda.

Habari njema ni kwamba wakulima wanahitaji msaada. Mbwa mwitu walishatoweka nchi hii, na kulungu wanakula ngano na miche ya miti usiku kucha. Usipige simu. Nenda mwenyewe, mchana, nguo za kawaida, na usianze na habari ya bunduki. Uliza kwanza kama kulungu wanamsumbua na wapi. Jitolee kwenda kuwahesabu kwa darubini na kumletea taarifa. Mkulima atakayepokea ramani yako yenye alama za wapi wanatokea na saa ngapi, mara nyingi atakuuliza yeye mwenyewe kama unapiga.

Kabla ya kushikana mikono, hakikisha mambo matatu:

Kwanza, je, haki ya kuwinda ni yake? Kuna mashamba ambayo haki hiyo iliuzwa au kukodishwa kwa mtu mwingine, na aliyepanga shamba hana la kusema. Pili, mipaka iko wapi hasa, na njia za umma zinapita wapi. Tatu, kulungu aliyejeruhiwa akivuka kwenda kwa jirani itakuwaje? Zungumza na jirani huyo mapema. Kuvuka mpaka ukiwa na bunduki bila ruhusa ni kosa la jinai, hata kama nia yako ni kummaliza mnyama anayeteseka.

Umefaulu ukiwa na barua yenye sahihi, ramani, na tarehe.

## Hatua ya 5: Sasa omba cheti cha silaha

Sasa una sababu ya kueleweka: ardhi, mafunzo, mlezi. Ombi lako halifanani tena na lile la mtu anayetaka bunduki kwa kuipenda tu.

Utahitaji wadhamini wawili waliokujua kwa angalau miaka miwili na wanaoishi Uingereza. Ndugu zangu mliofika mwaka jana, hapa ndipo mnapokwama. Subirini, msimtafute mtu wa kubahatisha. Daktari wako atatoa taarifa za afya yako. Usifiche sonona au dawa ulizowahi kutumia. Ugonjwa uliotajwa huzungumzwa, uliofichwa ukigunduliwa umeharibu kila kitu. Ada ya cheti kipya ilipandishwa Februari 2025 hadi pauni 198, na cheti hudumu miaka mitano.

Ofisa atakuja nyumbani. Hapo kabati la chuma liwe limefungwa ukutani kwa boliti, mahali ambapo mgeni hapaoni. Funguo azijue mwenye cheti peke yake. Mke au mume wako asijue ziliko, na hili si utani, maana akiweza kuzifikia anahesabiwa kuwa amepewa silaha asiyo na cheti nayo.

Kuhusu bunduki yenyewe: kwa kulungu wa kawaida sheria inataka kaliba (upana wa tundu la mtutu) isiyopungua inchi .240 na nguvu isiyopungua futi-pauni 1,700 mdomoni mwa mtutu, na risasi inayotanuka ikigonga. Kwa muntjaki na kulungu-maji kiwango ni kidogo zaidi. Anayeanza achague .243 au .308 na asihangaike. Tumia na kipunguza mlio, masikio hayanunuliki. Risasi za shaba zinazidi kushika nafasi ya zile za madini ya risasi (lugha yetu hapa imetuingiza kwenye kichekesho, kitu na madini yake jina moja), na wanunuzi wengi wa nyama ya pori siku hizi hawataki mnyama aliyepigwa kwa hizo za zamani.

## Hatua ya 6: Rekebisha shabaha

Piga risasi tatu kwenye karatasi mita 100, ukiwa umelala na bunduki imeegemea vizuri. Usirekebishe lenzi baada ya risasi moja. Tazama kundi lote la tatu liko wapi, ndipo uzungushe. Rudia. Ukibadili aina ya risasi, anza upya, hata kama uzito ni uleule.

Bunduki ikianguka au ikigongwa garini, irudishe kwenye karatasi kabla ya kwenda kwa mnyama. Kulungu hastahili kuwa karatasi yako.

## Hatua ya 7: Kunyatia

Hapa ndipo utamu wote ulipo, na ndipo watu wanapofeli kwa haraka.

Saa halali ni kuanzia saa moja kabla ya jua kuchomoza hadi saa moja baada ya kuzama. Fika nusu saa kabla hujaona vizuri, zima gari, funga mlango kwa kuusukuma taratibu. Kisha simama dakika kumi bila kufanya lolote. Msitu uliostuka kwa gari lako unahitaji muda kukusahau.

Upepo ni mfalme. Toa poda kidogo, itazame inakokwenda. Lazima ikujie usoni, au angalau ikupite kwa ubavu. Pua ya kulungu ikishapata harufu yako hasubiri kukuona. Utasikia kubweka, na roe hubweka kama mbwa mwenye hasira, kisha kimya. Kwenye miteremko kumbuka kwamba hewa baridi ya alfajiri hushuka bondeni na jua likipanda hewa hugeuka kupanda. Njia iliyokuwa nzuri saa kumi na mbili inaweza kukusaliti saa tatu. Pima tena na tena.

Mwendo: hatua tatu, simama. Darubini kwanza, mguu baadaye. Usimtafute kulungu mzima, utampita. Tafuta mstari wa mlalo katikati ya miti iliyosimama, kwa kuwa huo huwa ni mgongo. Tafuta sikio linalotikisika, pua inayong'aa, doa jeupe. Ukidhani unakwenda polepole, punguza nusu. Mimi hutumia saa mbili kwa mita 500, na bado kuna siku naona matako tu yakitokomea.

Akiinua kichwa, ganda. Kulungu ana tabia ya kuinamisha kichwa kana kwamba anakula, halafu anakiinua ghafla ili akunase. Usihame mpaka ainame mara ya pili na mkia au masikio yake yatulie.

Umefaulu ukimwona mnyama naye hajui kwamba upo. Hata usipopiga, hiyo ni siku nzuri.

## Hatua ya 8: Kupiga, au kutopiga

Kabla kidole hakijagusa kifyatulio, jibu haya manne. Ukikosa jibu moja, shusha bunduki.

Ni huyu hasa? Aina, jinsia, msimu.

Nyuma yake kuna nini? Risasi inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Unataka udongo: kilima, ukingo, ardhi inayoonekana. Ua wa miti si kizuizi. Mnyama aliyesimama kileleni na anga nyuma yake hapigwi kamwe, hata awe mkubwa kiasi gani. Na hakikisha hakuna kulungu mwingine nyuma yake, maana risasi itapita.

Amekaaje? Kwa anayeanza ni ubavu tu. Fuata mguu wa mbele kwenda juu, simama theluthi moja ya kiwiliwili kutoka chini. Hapo kuna moyo na mapafu. Sahau kichwa na shingo, sinema zimewadanganya.

Nimetulia? Fimbo ziko imara, pumzi imeshuka, umbali haupiti mita 100.

Mwislamu atataja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua. Wanazuoni wengi wanaruhusu windo lililopigwa namna hiyo, wapo wanaotofautiana kuhusu risasi, hivyo muulize sheikh wako kabla ya siku yenyewe, pamoja na suala la kulichinja ukilikuta bado hai.

## Hatua ya 9: Baada ya mlio

Weka risasi nyingine chemba mara moja, endelea kutazama ndani ya lenzi. Usikimbie.

Kulungu aliyepigwa moyo au mapafu mara nyingi huruka au kurusha miguu, anakimbia makumi ya mita na kuanguka. Aliyepigwa tumboni hujikunja mgongo na kuondoka taratibu kama mtu mwenye chango. Wote wawili wanahitaji subira, ila wa pili zaidi. Kwa wa kwanza subiri robo saa. Kwa wa pili saa nzima au zaidi, na umpigie simu mtu mwenye mbwa aliyefundishwa kufuata damu. Ukimkimbilia mapema atainuka na kwenda kilomita nzima.

Weka alama uliposimama wewe, kisha nenda aliposimama yeye. Soma damu. Nyekundu nyepesi yenye povu ni mapafu. Nyeusi nzito ni ini. Ikiwa na majimaji ya kijani yenye harufu, ni tumbo.

Ukimfikia, mkaribie kwa nyuma na gusa jicho lake kwa ncha ya fimbo. Likipepesa, bado hai. Piga mara ya pili bila kusita.

## Hatua ya 10: Toa matumbo haraka, poza haraka

Ondoa risasi chemba kwanza. Vaa glavu. Pasua ngozi ya tumbo kwa vidole viwili vikitangulia ncha ya kisu, ili usitoboe utumbo. Toa matumbo, kisha moyo, mapafu na ini, na uvikague kabla ya kuvitupa. Uvimbe wenye usaha kwenye mitoki au mapafu unaweza kuwa kifua kikuu cha ng'ombe. Usikate zaidi, usile, piga simu kwa mamlaka ya afya ya mifugo. Malengelenge mdomoni au kwatoni, vivyo hivyo.

Mzoga uingie kwenye baridi isiyozidi nyuzi 7. Kama unataka kuuza, hata kilo mbili kwa jirani, kuna masharti ya usafi wa chakula; ulizia halmashauri yako kwanza. Ukila nyumbani, roe mchanga hahitaji manjonjo: tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, moto wa mkaa. Usimwivishe sana, nyama haina mafuta na itakuwa kama kandambili.

Ukifika nyumbani vua nguo zote bafuni, jikague kwapa, kinena na nyuma ya magoti. Kupe wa huku hubeba ugonjwa wa Lyme. Mng'oe kwa kile kifaa, usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta, na andika tarehe. Ukiona duara jekundu linapanuka kwenye ngozi wiki chache baadaye, nenda kwa daktari na umwambie ulikuwa msituni.